Chungu cha Brigita

Adui akikusaliti, angalau unajua wa kumnunia. Apolonia, binti wa kwanza wa Gregori na Brigita, wakulima wa Likawage, alisalitiwa na watu waliompenda, tena kwa pamoja na kwa mpango, na aliyepanga alikuwa mama yake mzazi. Hakuwa na pa kukipeleka kinyongo chake. Alikibeba, na ukikaa naye muda wa kutosha hata leo utaona bado hajakitua.

Alikuwa chuo kikuu, akisomea shahada ya lishe na sayansi ya chakula. Kijijini walipoambiwa, waliuliza ni kitu gani hicho, na walipofafanuliwa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtoto avuke mito yote ile kwenda kujifunza kupika? Kwani Brigita alishindwa kumfundisha? Gregori, ambaye mwenyewe hakuwa na hakika sana binti yake anasoma nini, aliwajibu kuwa ni udaktari wa chakula, na neno udaktari likawafunga midomo.

Huko darasani mambo hayakuwa ya kucheka. Alijifunza namna sumu ya mihogo michungu inavyotolewa kwa kulowekwa, na kwa nini uji wa mahindi peke yake hulijaza tumbo la mtoto na kumwacha na njaa mwilini. Mwaka wa pili mwalimu alionyesha picha ya watoto waliosimama kando ya kipimo cha urefu, akasema hawa wamedumaa, na Apolonia akaona ni watoto kama wa kwao. Alikuwa amekua akiamini watu wa Likawage ni wafupi kwa ukoo. Siku ile alirudi bwenini akajifunika shuka, akalia kwa hasira, asijue hasa amkasirikie nani.

Basi likizo ya Krismasi alirudi nyumbani na bango kubwa la makundi ya chakula, akalitundika ukutani kigangoni, akawaita akina mama wote, Wakristo kwa Waislamu, akawafundisha. Lilikuwa bango zuri la rangi, lina samaki mkubwa, mayai, maziwa, maharage, mchicha, papai, parachichi na tufaha jekundu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulitia mdomoni. Lakini Apolonia alikuwa mwalimu mwenye moto. Aliwauliza, akawarudisha nyuma, akawauliza tena, mpaka wakayataja makundi yote bila kukwama na kupigiana makofi. Brigita alikaa benchi la mbele, kilemba cha kitenge kipya kichwani, na kila jibu lililopatikana alilitikisia kichwa kana kwamba amelizaa yeye.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa ambalo mimi naona lingetokea kwao tu.

Februari Apolonia alirudi tena, safari hii kwa utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Bila utafiti ule hakuna mahafali wala shahada. Alikuja na dodoso, pamoja na utepe wa kupimia mikono ya watoto, ambao husoma kijani kwa mtoto mzima, njano kwa anayedhoofu na nyekundu kwa aliye hatarini. Alitakiwa apite nyumba kwa nyumba amwulize kila mama: tangu jana mlipoamka mpaka mlipolala, mlikula nini? Aliwaeleza mapema kuwa hakuna jibu la kosa. Walimsikiliza kwa adabu na hawakumwamini. Mwalimu akikufundisha Desemba, kisha Februari akarudi na karatasi za maswali, huo ni mtihani, na wanafunzi wakifeli anayeaibika ni mwalimu wao.

Walimjibu vizuri ajabu. Nyumba hii mayai, nyumba ile maharage na papai, ya tatu samaki na mchicha. Ilikuwa miezi ya njaa, mahindi bado machanga shambani, na tembo walikuwa wameshapita wakalala juu ya nusu ya mashamba, lakini ukiwasikiliza akina mama wale ungedhani Likawage kuna harusi kila jioni. Esha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema mwanawe alikula ugali, samaki na parachichi.

Kalamu ya Apolonia ilisita. "Parachichi mlipata wapi, mama mdogo?"

"Lililetwa," Esha akajibu, akaanza kupepeta ungo usiokuwa na kitu.

Apolonia akaandika parachichi. Usinilazimishe nimtetee. Msichana aliyekulia pale, anayejua kila mti uliopo, aliandika parachichi kwa mwandiko mzuri kwa sababu moyo ulikuwa umemjaa. Aliona somo lake limeingia. Aliona Krismasi moja na bango moja vimebadilisha kijiji, na hakuna mwalimu asiyetaka kuona hivyo.

Tena alikuwa na ushahidi wa ulimi wake mwenyewe. Nyumbani kila jioni Brigita alimwekea wali na samaki wa kukaanga, wale wanaoletwa na wachuuzi kutoka Songo Songo, wakavu na wenye chumvi kali. "Kula, Apo," mama yake alimwambia. "Sisi na Dativa tumeshakula." Dativa alikuwa mdogo wake wa mwisho, hajafika umri wa shule. Apolonia alipomfunga utepe mkononi ulisoma njano. Brigita alisema ni ile homa ya wiki iliyopita. Apolonia akaandika njano, akambusu mdogo wake shavuni, akaendelea na nyumba inayofuata.

Msimamizi wake chuoni aliitwa Dk. Fidelis, mzee mkavu wa maneno, ambaye mara mbili alikuwa amemsifu Apolonia mbele ya darasa, na hakuwa mtu wa kusifu. Alimwita ofisini Machi. Hakumkaribisha kiti.

"Likawage kuna miparachichi?"

"Hapana, daktari. Lililetwa."

"Na samaki? Mbali na bahari vile, kila nyumba?"

Apolonia akazitazama karatasi zake pale mezani.

"Kwa midomo yao, watu hawa wanakula kuliko mimi," Dk. Fidelis akasema. "Kwa mikono ya watoto wao, wana njaa. Mkono nimeuamini, kwa sababu mkono hausemi uongo ili umfurahishe mtu. Hizi habari za chakula umezipika, Apolonia."

"Niliandika walichoniambia."

"Basi uliandika umefumba macho. Sijui lipi ni baya zaidi." Alivua miwani akaifuta, na sauti yake iliposhuka ndipo ilipouma. "Nilishawaambia wenzangu kuwa wewe ndiye nitakayejivunia mwaka huu."

Alimpa mizani ndogo ya jikoni na sharti. Arudi kijijini. Asimwulize mtu yeyote swali lolote. Apime kilichomo chunguni kabla hakijapakuliwa, katika nyumba zilezile. Akirudi mikono mitupu, jina lake lingekwenda kwenye kamati ya nidhamu kama mtu aliyeghushi utafiti, na wanaoghushi utafiti hufukuzwa.

Njia nzima alimchukia Dk. Fidelis. Alimtungia majibu makali ambayo angempa siku akithibitisha. Alishuka Nangurukuru, pale wanapoiacha lami wanaokwenda ndani, na wakati akisubiri gari la Likawage alikaa kwenye kibanda cha mihogo ya kukaanga. Nani alikuwa amekaa benchi la pili, kanga mabegani, akipuliza chai yake? Esha. Alikuwa ametoka kumwuguza dada yake huko Kilwa Masoko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa karibu. Enhe, majibu yametoka?"

"Majibu ya nini?"

"Ya ule mtihani wetu." Esha alikuwa anatabasamu kwa hamu, kama mtu anayesubiri kupongezwa. "Tumefaulu?"

Apolonia hakuelewa, na Esha alidhani anafanya mzaha, kwa hiyo akaeleza mwenyewe, huku akicheka na kumpigapiga gotini. Brigita alikuwa amewapitia wote siku moja kabla Apolonia hajafika. Alimgawia kila mtu chakula chake cha kusema, ili wasije wote wakasema kuku watu wakashtuka. Alihakikisha kila kundi la kwenye bango limetajwa. Walikuwa wakisikilizana kisimani, mmoja anauliza, mwingine anajibu.

"Parachichi mimi nilimkatalia, wallahi. Nikamwambia, Brigita, hili hapana, huku kwetu litanishinda. Akasema liko kwenye bango la mtoto, lazima liwemo, lisipokuwemo watampunguzia. Nikasema haya, kwa ajili ya Apo. Ulipouliza limetoka wapi, karibu nife."

Apolonia aliurudisha muhogo kwenye sahani. Kilichomshika pale benchini hakikuwa aibu, na wala hakikuwa huruma, ingawa wapo wanaopenda kusema alihurumia. Alihisi amesalitiwa. Wanawake wote waliomwogesha akiwa mchanga walimtazama machoni mmoja baada ya mwingine na kumdanganya, kisha wakaenda kisimani kusifiana. Na yeye akasimama mbele ya msimamizi wake kuwatetea. Esha alipomwona amebadilika uso aliacha kucheka, akamwuliza kama chumvi ya muhogo imezidi.

Walipanda gari moja mpaka Likawage. Gari lilipokaribia nyumbani lilipita kando ya shamba la ufuta la Gregori, na Apolonia aliona nyasi tupu, zimefika magotini. Miaka yote shamba lile wakati kama ule lilikuwa limeshasimama. Alimkuta baba yake uani akichonga mpini, akamwamkia, akamwuliza mbona ufuta haukupandwa.

"Mbegu iliisha," Gregori akasema bila kuinua kichwa. "Muulize mama yako wale samaki walitoka wapi."

Brigita alitoka jikoni akifuta mikono, uso wote furaha. "Apo mwanangu! Mbona hukusema unakuja?"

"Mama, umenisaliti."

Neno lile halisemwi kwa mzazi, na Gregori aliacha kuchonga. Brigita alisimama palepale.

"Mimi?" akauliza.

"Ulizunguka nyumba zote ukawafundisha wanidanganye. Chuoni wananiita mghushi. Wananifukuza, mama. Samaki nao ulinilisha ili niamini."

"Nilizunguka kwa miguu yangu hii ili usiaibike," Brigita akasema polepole. "Nilitoa mbegu ya baba yako. Ulitaka nifanye nini? Ulitaka niwaache waseme wanawalisha watoto wao ndiga, wewe ukaandike, wasomi wako wakasome? Waseme Gregori ameshindwa kulisha nyumba yake?"

Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa siku nyingi kwenye maji yanayotiririka mpaka ukali utoke, na anayeharakisha huzika mtu. Kila nyumba ya Likawage inajua kukitengeneza, na hakuna nyumba inayokubali kuwa ilikila. Mwanamke atakwambia hata maradhi yake ya siri kabla hajakwambia amepika ndiga, kwa kuwa maradhi ni yake lakini ndiga inamtukana mume.

"Nilikwambia hakuna jibu la kosa," Apolonia akasema.

"Ulisema wewe. Kwani wewe hukukulia hapa?"

Siku zilizofuata alipita na mizani yake nyumba zilezile. Ningependa kusema walimwonea haya, lakini walikuwa wamekasirika. Walimsaidia, na sasa anarudi kuwaita waongo. Alipoingia uani, chungu kilikuwa kimeshaepuliwa na mlango wa jiko umefungwa. Alipoomba kufunua, walimtazama kama mtu asiye na heshima. Kwao chungu hufunuliwa na mwenye chungu. Mume hukohoa nje ya jiko, mkwe hageuki upande huo, na mtoto akishavunja ungo hafunui tena chungu cha mama yake bila kuambiwa. Nyumba ya jirani ndiyo kabisa, ukifunua chungu cha mtu umemwibia.

Alimaliza mzunguko wote hajapima hata punje. Akaenda kukaa kibarazani kwa Esha, akalia mbele yake bila kujificha, akamwambia wazi: asipopima, anafukuzwa, na miaka yote ile imepotea.

Esha alimfuta machozi kwa kiganja. Alikuwa mwanamke mwema, na lile parachichi lilikuwa linamsumbua.

"Mimi nitakufunulia," akasema mwishoni. "Na wenzangu nitawasemesha. Lakini aanze aliyetuingiza. Hatuwezi kuvuliwa nguo sisi, Brigita akabaki amevaa. Ukifunua cha mama yako nikaona kwa macho yangu, na sisi tutafunua."

Mchana wa siku iliyofuata Brigita alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, chungu kimefunikwa, mvuke unatoka kidogo ukingoni. Apolonia aliingia na mizani. Esha alisimama mlangoni na wanawake wawili nyuma yake, nao hawakuwa na raha. Dativa alikuwa anachezea majivu.

"Mama, naomba ufunue."

"Sifunui."

"Mama, tafadhali. Wanasubiri wewe tu."

Brigita aliwatazama wale wa mlangoni, akarudisha macho kwenye moto. "Nimekupa nilichokuwa nacho," akasema. "Nimetoa mpaka mbegu. Hiki kimoja niachie."

Apolonia alijua vizuri kabisa alichokuwa anaombwa. Aliuona uso wa mama yake. Aliiona pia shahada yake, na mwili wake mwenyewe ukirudi Likawage na begi, watu wakiuliza kulikoni, na hasira ya Nangurukuru ilikuwa bado ya moto kifuani. Nadhani hasira ndiyo iliyonyoosha mkono. Alishika kifuniko kwa pindo la kanga, akakiinua.

Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vya ndiga kwenye maji ya chumvi, basi. Hakuna mboga wala tone la mafuta. Kando ya figa, juu ya majivu ya moto, palikuwa na kisufuria kidogo kimefunikwa sahani, na Apolonia hakuwa na haja ya kukifunua ili ajue kina wali, ni wa nani, na nani wangemwambia wameshakula.

Alipima. Aliandika uzito, akarudia kupima ili awe na hakika. Alipomaliza, Brigita alichukua kifuniko mkononi mwake, taratibu, hakumpokonya. Hakukirudisha chunguni. Alikiweka chini.

"Umeona, Esha?" akasema. "Haya. Kafunueni na vyenu."

Wakafunua. Ilikuwa ndiga, majani ya kunde yaliyochemshwa peke yake, uji wa pumba. Apolonia alipima vyungu vyote na kurudi chuoni, na Dk. Fidelis alisoma kazi ile akiwa amesimama, kisha akamwomba radhi kwa maneno machache, kama kawaida yake. Alisema ni kazi bora aliyowahi kuisimamia. Siku ya mahafali Gregori alifika amevaa koti la kuazima, akapiga vigelegele kama mwanamke, watu wakamcheka naye hakujali. Brigita hakuja. Alituma salamu kuwa mguu unamsumbua.

Sasa Apolonia ni afisa lishe, anazunguka vijiji na utepe wake, na husemwa kuwa anajua kuulizia chakula bila mtu kujisikia vibaya. Kazi yake ilisomwa na watu wa mbali. Mwaka uliofuata watoto wa Likawage waliletewa unga wa lishe kabla ya miezi ya njaa, na mkono wa Dativa ukasoma kijani. Esha humtangazia kila mgeni kuwa sisi ndio tuliomfanya Apo awe mtu, na si uongo.

Ila Apolonia bado anasema alisalitiwa. Ukimwambia mama yake alifanya vile kwa mapenzi, anakubali, na anasema hilo ndilo linalomfanya ashindwe kulisahau. Lile jambo la pili, la mkono wake mwenyewe na pindo la kanga, halizungumzii. Anakwenda nyumbani kila anapopata likizo. Anapeleka mchele, mafuta, maharage, na mbegu ya ufuta aliinunua yeye mwaka ule ule. Mama yake hupokea, hushukuru, humwuliza habari za kazi.

Lakini akiingia jikoni hukuta chungu kiko motoni kikiwa wazi, majivu yanadondokea ndani, moshi unaingia, kila apitaye anaona kilichomo. Siku hizi ni wali, mara nyingine kuku. Mwanzoni alikuwa akitafuta sahani anafunika, na Brigita, bila hasira yoyote, aliinuka na kuiondoa.

"Kiache wazi," humwambia. "Nisikupe tena taabu ya kufunua."